Rili ya mtoto: nyepesi au ya baharini?

Mtoto akikuomba mpira, unajua uende duka gani na uwe na shilingi ngapi. Akikuomba baiskeli, unamwambia asubiri matokeo ya mtihani, na wewe unapata muda wa kujipanga. Mwanangu wa miaka 13 aliniomba rili ya kuvulia baharini, na mimi ni fundi cherehani. Nilichojua kuhusu uvuvi ni kuparua magamba, na jinsi bei ya changu inavyopanda upepo wa kusi ukivuma.

Kwa msomaji wa bara: rili ni ile mashine ndogo yenye mkono wa kuzungusha, inayofungwa kwenye fimbo ya kuvulia ili kurusha mshipi na kuukusanya. Hapa Tanga wazee wengi hawaitumii. Babu yake mwanangu, yaani baba mkwe wangu, amevua maisha yake yote kwa mshipi wa mkono uliozungushiwa kwenye kipande cha ubao, na kidole chake cha shahada kina mfereji uliochimbwa na nailoni. Lakini vijana wameona wenzao wakirusha chambo mbali kwa fimbo, kwenye simu na hapa hapa pwani, na wanatamani.

Sikuona sababu ya kumkatalia. Mtoto wa umri huo anayekubali kukaa saa tatu akisubiri samaki ana mahali pa kuwa, na mzazi unajua alipo. Kwa mji wa bandari hilo si jambo dogo. Kilichonisumbua ni rili ipi, na sikutegemea kwamba swali hilo litagusa mambo mengine ya nyumba yetu.

Baba watoto yuko Mwanza kikazi, mwaka wa nne huu. Huja nyumbani mara mbili kwa mwaka. Huko ziwani siku ya mapumziko huvua sato kwa rili ndogo, na mtoto alipoanza kuzungumzia uvuvi, baba alimtumia ile ya kwake kwa basi, imezungushiwa gazeti ndani ya boksi la viatu. Ilikuwa nyepesi na laini kama cherehani iliyotoka kutiwa mafuta. Kule Mwanza ilikuwa imefanya kazi miaka mitatu bila kulalamika. Kwetu haikumaliza miezi mitatu. Mkono ulianza kukwaruza, kisha ule waya unaopinduka kuufungulia uzi ukagoma kurudi.

Tuliipeleka kwa fundi wa saa pale Ngamiani, kwa kuwa hatukumjua fundi mwingine wa vitu vidogo namna ile. Aliifungua juu ya kitambaa cheupe. Beringi zilikuwa nyekundu kwa kutu, na penye alumini palikuwa na unga mweupe kama wa chokaa. Akasema, "Dada, hii haijaharibika. Imeliwa." Ndivyo ilivyo. Ziwa Victoria ni maji baridi, na la kwetu ni la chumvi. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi, moja huliwa, na ndani ya rili kuna alumini na chuma vimekaa mlango mmoja. Tena chumvi ikikauka haiachi kazi. Huvuta unyevu wa hewani na kuendelea kula usiku kucha, mashine ikiwa kabatini.

Nilipompigia baba yake simu, jibu lake lilikuwa fupi. "Basi anunuliwe ya baharini, ile kubwa kabisa. Usibane, Mama Halima. Nitatuma hela."

Na kweli alituma.

Dukani muuzaji aliniwekea mbili mezani. Ndogo ilikuwa namba 2000, shilingi 55,000. Kubwa ilikuwa namba 8000, shilingi 320,000. "Hii ni ya mtoni na ziwani," akasema, "na hii ndiyo ya baharini." Kana kwamba mambo yote yameishia hapo.

Niliomba nizishike. Naomba radhi kwa wanaume watakaosoma hapa, lakini rili ni mashine ya uzi, na mashine za uzi nazijua. Kwenye cherehani ya kawaida kibobini kinazunguka. Kwenye ovaloki koni imesimama tuli, uzi unatokea juu kwenye ncha yake, ndiyo maana unakimbia bila kukatika hata ukikanyaga pedali kwa nguvu. Rili hizi za kisasa ni ovaloki: gurudumu la uzi limetulia, kinachozunguka ni ule waya unaoulaza uzi pembeni yake. Baadaye nilikuja kusoma kwamba aliyesajili mashine ya namna hiyo mwaka 1905, Mwingereza Alfred Holden Illingworth wa Bradford, alikuwa mtu wa biashara ya nguo. Sikushangaa hata kidogo. Na kile kifuniko cha juu cha kukaza na kulegeza ni tensheni, ile ile ninayoikaza kila siku kabla ya kushona hariri au jinzi. Wavuvi wanaiita breki.

Kwa macho hayo niliona kwamba muuzaji ameunganisha maswali mawili kuwa moja. Swali la kwanza ni ukubwa: samaki gani, uzi mnene kiasi gani, mkono wa nani. Swali la pili ni chumvi: je, mashine imefungwa vizuri maji yasiingie, na imetengenezwa kwa vitu visivyoliwa upesi? Rili inaweza kuwa kubwa kama kikombe cha uji na bado ikawa haina kinga yoyote ya chumvi. Inaweza pia kuwa ndogo na ikawa na raba za kuzuia maji, beringi zinazostahimili kutu, na mwili usiobabuka. Nyepesi na ya baharini si wapinzani. Mzazi akishalitenganisha hilo, nusu ya hela yake imeokoka.

Namba zile za 2000, 3000, 8000 zinaeleza ukubwa tu, na hazilingani sawasawa kutoka kiwanda hadi kiwanda. Hazisemi lolote kuhusu chumvi. Wingi wa beringi nao usikutie wazimu. Boksi moja lilijisifu kuwa na beringi 13. Baharini hizo ni nafasi 13 za kushika kutu kama hazijakingwa. Heri chache zilizofungwa vizuri. Ukiwa dukani, zungusha mkono taratibu ukiwa umeziba sikio moja na rili umeisogeza kwenye sikio la pili. Tikisa ule mkono uone kama unacheza. Tazama kile kigurudumu kidogo ambacho uzi hupita juu yake, kwa maana hapo ndipo chumvi huanzia; kisipozunguka kwa kidole, uzi wako utakwaruzika. Muulize muuzaji raba za kuzuia maji ziko wapi. Asiyeweza kukuonyesha, huenda hazipo.

Sasa ukubwa. Baba mkwe, ambaye rili anaziita "mashine zenu", ndiye aliyetoa kipimo nilichokiamini kuliko maneno yote ya dukani. Alisema tuazime kubwa kwa jirani, tuifunge kwenye fimbo yake, mtoto arushe mara 50 bila chambo. "Mtu haambiwi mkono wake unaweza nini, mwacheni aone mwenyewe."

Tulikwenda jioni. Kumi za kwanza zilikuwa fahari tupu. Kufika 20 alikuwa amebadilisha mkono. Kufika 30 kiwiko kilikuwa kimegota mbavuni na chubwi inaanguka karibu na miguu yetu. Ile namba 8000 ilikuwa na gramu 650 kwenye mizani, kabla ya fimbo yake nene. Rili nyepesi ina gramu 250 hivi. Kwenye karatasi tofauti hiyo ni kama mfuko mdogo wa sukari usiojaa, lakini iweke mwisho wa mkono wa mtoto kwa saa tatu. Dada yake Halima, ambaye hakualikwa na wala hakuuliza, alichukua fimbo nyepesi akarusha mbali kuliko kaka yake na jirani. Hili nalitaja kwa wazazi wa mabinti, kwa kuwa hakuna duka hata moja lililoniuliza kama nina msichana anayevua.

Lakini uzito wa mkono siyo ulioninyima usingizi.

Rili humchagulia mtoto mahali pa kusimama. Hakuna anayebeba namba 8000 kwenda kuvua chaa na changu wadogo kwenye mikoko. Atakwenda inakofanya kazi. Na kwetu inakofanya kazi ni nje, kwenye ukingo wa mwamba, ambako vijana wakubwa huenda kwa miguu maji yakipwa, siku za bamvu, kuwarushia kolekole na mzia. Mwanangu alikuwa akiwatazama hao tangu zamani. Alipoomba ile kubwa, alikuwa anaomba na ule mwamba.

Wasiokaa pwani wajue kinachotisha pale. Bahari yetu hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kwenye bamvu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji hupita mita 3. Ukiwa umesimama ukingoni, maji yakianza kurudi hayakupandi miguuni kwanza. Mwamba ule umeinuka. Maji hupita kwenye milango yake na kujaza nyuma yako, ile njia uliyokujia, huku wewe umekazia macho mbele ukimpigania samaki. Mtu mzima anayesoma maji anajua saa ya kuondoka. Mtoto wa miaka 13 aliyemnasa kolekole wake wa kwanza hataondoka.

Nilimwambia baba yake haya kwenye simu. Akasema, "Basi anunuliwe kubwa, aiweke. Atakua nayo."

Hiyo hoja naifahamu, ni mkate wangu. Kila Januari wazazi hunijia wakitaka suruali ya shule ya mtoto anayekua, na mimi naweka upindo wa nchi 3 ambao nitaushusha mwaka kesho. Nikamwambia rili haina upindo. Ile kubwa ikikaa kabatini miaka mitatu, raba zake zitakauka, mafuta yataganda, na mtoto atakuwa anaifungulia kabati kila bamvu. Haiwezekani kumpa mtoto ufunguo na kumwambia mlango ni wa mwaka kesho.

Akanyamaza. Nilimwelewa pia, na hili naliandika kwa sababu najua tuko wengi wenye wenzi walio mbali. Mtu anayeona wanawe mara mbili kwa mwaka anataka kutuma kitu kizito. Rili ya gramu 250 anaiona kama haitoshi kusema anachotaka kusema.

Nilinunua ndogo iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi, namba 3000, gramu 290, shilingi 150,000. Si bei ndogo. Ni karibu mara tatu ya ile nyepesi ya kwanza, na kama tungekuwa tunakaa Mwanza au Bukoba nisingetoa hela hiyo. Huko ile ya 55,000 inatosha kabisa, maana sato haulizi kama una raba za kuzuia maji. Wenye watoto wanaovua ziwani au bwawani, baki na nyepesi ya kawaida, hela inayobaki nunua jaketi la kuokolea maisha.

Tuliweka uzi wa nailoni wa kilo 6. Kuna uzi wa kusuka, mwembamba na wenye nguvu zaidi kwa unene ule ule, na rili ndogo huchukua mwingi wake. Lakini unakata vidole, na ukigusa jiwe la matumbawe ukiwa umekazwa unakatika mara moja. Nailoni inavutika kidogo, inamsamehe anayejifunza. Breki tuliipima kwa mizani ya kuning'iniza ya muuza samaki: uzi unafungwa kwenye ndoano ya mizani, unavuta, na breki inakazwa hadi ianze kuachia kwenye robo au theluthi ya nguvu ya uzi. Kwa uzi wa kilo 6 ni kati ya kilo 1.5 na 2. Watoto hukaza zaidi ya hapo, wakidhani kukaza ndiyo kuvua. Ni kama tensheni, ukiikaza mno uzi hukatika kabla mshono haujaanza.

Sharti la kuosha niliandika kwenye karatasi nikabandika mlangoni, na ni kazi yake, siyo yangu wala ya dada yake. Akirudi anakaza breki kwanza ili maji yasiingie humo, anamwagia maji ya bomba taratibu kwa kopo, anafuta kwa kitambaa, analegeza breki, anaianika kivulini. Asiizamishe kwenye ndoo. Asiipige maji ya mpira kwa nguvu, kwa maana nguvu hiyo ndiyo inayoisukuma chumvi ndani. Tone moja la mafuta mepesi kwenye kile kigurudumu kidogo kila wiki. Ya cherehani yanafaa. Na isilazwe mchangani kamwe. Mchanga ukiingia, hata rili ya milioni inasaga.

Mengine ni ya wazazi. Asiende peke yake. Mweleze mkubwa wa diko au viongozi wa BMU kwamba mwanao anavua eneo hilo, uulize panaporuhusiwa, kwa maana sehemu za pwani yetu zimehifadhiwa. Mfundishe samaki wa kutogusa: hongwe ana miiba, taa ana mwiba mkiani, na bunju haliwi hata upike kutwa, sumu yake haitoki kwa moto.

Nilipompigia simu baba watoto kumwambia nimenunua ipi, aliuliza, "Kwani hela ilipungua?"

"Haikupungua. Imebaki laki na sabini."

"Imebaki ya nini?"

"Nauli yako."

Nilisikia anavuta pumzi. Akasema likizo yake ni Desemba. Nikamwambia najua, na shule zinafungwa Juni, na mwanawe hana mtu wa kumshikia wavu. Laki na sabini ilitosha basi kuja na kurudi, na ikabaki ya mboga. Aliomba ruhusa ya siku tano.

Asubuhi tatu walikuwa wametandaza mkeka upande wa Raskazone, ndani ya ghuba, babu na baba na mtoto, na Halima alipojisikia. Huko nje kusi ilikuwa inachafua bahari, ndani maji yametulia. Walipata chaa sita, changu wa kiganja, na bunju mmoja ambaye babu alimtumia kutoa somo refu kabla ya kumrudisha majini. Asubuhi ya tatu nilikuwa nimewapelekea chai. Rili ilianza kulia, ule mlio wa breki inayoachia. Fimbo ikakunjika. Baba yake akainuka akanyoosha mikono aichukue, na mzee akamshika nguo kwa nyuma, akamkalisha.

"Mwache. Na wewe sikukunyang'anya."

Mtoto alipigana kama dakika kumi. Akaachia, akakusanya, akaachia, mara anatutazama, mara hatutazami. Alikuwa kolekole wa kilo mbili hivi. Rili ile ndogo ilimweza. Nisingependa kuona inafanyiwa hivyo na samaki wa kilo kumi, na kama ndiye unayemwinda, hapo ile kubwa ina haki yake na sina ugomvi nayo. Tulimpika wa nazi. Baba yake alirudi Mwanza na picha, anaonyesha watu kazini.

Rili ina miezi saba sasa, mkono bado laini. Kubwa hajaisahau. Kwenye daftari lake la hesabu nimekuta ameandika bei yake na kiasi alichonacho, pamoja na saa za maji kupwa na kujaa za mwezi mzima, ambazo huenda kuziuliza kwa babu yake kila jioni. Mzee amesema atampeleka mwambani yeye mwenyewe siku mtoto atakapomwambia saa ya kuondoka kabla yeye hajamwambia. Baba yake anasema hiyo iwe akifika miaka 15. Mimi nasema 16. Bado tunalizungumza, Jumapili usiku, vocha zikiruhusu.